Daraja linatikisika tramu ikipita, je niendelee kuvuka na mtoto?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Rotterdam, Uholanzi, huu mwaka wa tatu. Nyumba iko kusini mwa mto, kazi iko kaskazini, kwa hiyo kila siku navuka daraja la Erasmusbrug kwa baiskeli kwenda na kurudi. Nikisimama pale katikati kupumzika, tramu ikipita nasikia daraja linashuka na kupanda mpaka tumbo linashtuka, na siku za upepo nyaya zinalia. Tangu nione picha za lile daraja la Dresden, Ujerumani, limelala mtoni sina amani, maana kilichoanguka ni upande wa tramu. Mume wangu anasema daraja linalotikisika ni daraja linalochoka. Halafu Alhamisi mvua inanyesha, natoka darajani, tairi la mbele likaingia kwenye reli ya tramu nikaruka. Kifundo cha mkono bado kinauma ila vitu nashika. Mwezi ujao mwanangu anafikisha miaka minne anaanza shule upande wa pili na nilipanga kumbeba kiti cha nyuma. Je, daraja hili ni salama? Likitaka kuanguka litatoa dalili nikaiona? Niendelee au nitafute njia nyingine?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuanguka. Kabla sijagusa daraja nianze na huo mkono, maana ndo kitu kilichonishtua kuliko vyote ulivyoandika. Unasema kinauma ila vitu unashika, na watu wengi tunajipima hivyohivyo, nikishika kikombe basi sijavunjika. Siyo kweli. Nyanyua kidole gumba juu, pale chini yake karibu na kifundo panajitokeza kishimo, bonyeza hapo, kama panauma baada ya kuangukia kiganja basi kuna kamfupa kadogo ndani yake ambako huenda kana ufa, na kamfupa hako kana tabia mbaya mbili, mara nyingine hakaonekani kwenye eksirei ya kwanza, na damu inakafikia kwa shida, kwa hiyo kakiachwa bila kutibiwa kanaweza kukataa kuunga. Mimi ni mtu wa madaraja siyo daktari, ila nimefanya kazi na fundi aliyeteleza kwenye ngazi akapuuza kifundo chake miezi mitatu, mpaka leo nyundo anashikia mkono wa kushoto. Kesho asubuhi mpigie huisarts wako, yaani daktari wako wa familia, mwambie niliangukia mkono na maumivu hayajaisha. Usisubiri nimalize kueleza habari za chuma.

Sasa twende darajani. Naona una hofu mbili umezifunga kamba moja, hofu ya daraja kuanguka na hofu ya wewe kuanguka. Ya kwanza ndo inakunyima usingizi, ya pili ndo imekuumiza. Nitazijibu zote mbili, ila nakwambia mapema kwamba kule kutikisika unakokuogopa ndo kitu kinachonitia wasiwasi kidogo kuliko vyote pale, na ule mwanya wa reli uliouandika kwa mstari mmoja ndo unaonitia wasiwasi kweli.

Erasmusbrug lilifunguliwa Septemba 1996. Mwanzo mpaka mwisho ni mita 802, ile nguzo iliyopinda inapanda mita 139, wenyeji wanaliita De Zwaan, yaani bata maji, kwa sababu ya hiyo shingo. Kipande kikubwa kinachobebwa na nyaya kina mita 284 bila mguu wowote majini, na sakafu yake siyo tofali la zege kama unavyoweza kudhani ukiona lami juu, ni bamba la chuma lililochomelewa mbavu nyingi kwa chini, uwazi mtupu ndani, lami yenyewe ni nyembamba tu. Wamefanya hivyo makusudi ili liwe jepesi. Ukiwa na mita 284 za kuning'iniza, uzito wa daraja lenyewe ndo mzigo wako mkubwa, kwa hiyo kila kilo unayopunguza ni ushindi.

Sasa kitu chepesi na kirefu kikikanyagwa lazima kishuke. Kumbuka kitanda cha kamba cha bibi, ukikaa kamba zinanyooka, ukiinuka zinarudi, na hakuna mtu aliyewahi kukaa akasema kitanda hiki kibovu kwa sababu kimebonyea. Kamba inabeba kwa kuvutika, isipovutika haijabeba kitu. Chuma ni hivyohivyo, lazima kipinde kidogo ndo kipate nguvu ya kusukuma mzigo juu, na kama hakijapindishwa kupita kiwango chake kinarudi palepale kilipokuwa, leo, kesho, mara milioni. Tramu ya mita 30 hivi ikiwa tupu ina kama tani 40, ikifika pale katikati sakafu inashuka, nyaya zinakaza, tramu ikiondoka sakafu inapanda. Ndo hiyo shuka-panda unayoisikia. Na unaisikia kwa sababu umesimama. Ukiwa unaendesha, mwili wako wote unacheza kwa hiyo haugundui, ukisimama miguu miwili imetulia unakuwa kama kipimo, binadamu anasikia mtetemo mdogo sana, mdogo mno kuliko ule unaoweza kumpa injinia kazi ya kufikiria.

Utaniuliza, je zikikutana tramu mbili? Zinakutana kila siku mdogo wangu. Na tramu wala siyo mzigo mzito kuliko yote pale. Mzigo mzito ni watu. Chukua urefu wa tramu moja, mita 30, na upana wote wa daraja ambao ni zaidi ya mita 30, ujaze watu wanne kila mita mraba kama siku ya fataki, hapo una zaidi ya tani 250 mahali ambapo tramu ingeweka 40 au 60 na abiria wake. Injinia anayechora daraja la mjini anaanza na hesabu za namna hiyo, umati, magari ya mizigo yamesimama foleni, tramu, upepo, vyote kwa pamoja, halafu anaongeza akiba juu yake.

Shemeji naye hajakosea kabisa, mwambie nimesema hivyo. Chuma kinachoka, ni kweli, na neno tunalotumia kazini ni hilohilo, uchovu. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje ukunjue, mara kumi umekatika, wala hukutumia nguvu. Ila angalia unavyoukunja, unaukunja mpaka mwisho. Ukiukunja kidogo sana, kama unywele, unaweza kukaa hapo mwezi mzima usikatike. Uchovu haupimwi kwa namna daraja linavyotikisa tumbo lako, unapimwa kwa mkazo unaopanda na kushuka mahali fulani pamoja na idadi ya mara, na mkazo unahesabika vibaya mno, ukiuongeza mara mbili madhara hayazidi mara mbili, kwenye mishono ya kuchomelea yanazidi kama mara nane. Ndo maana baiskeli milioni moja hazilifanyi kitu daraja la chuma, magari madogo karibu hayafanyi kitu, na adui wa kweli ni ekseli ya lori zito. Ekseli ya lori Ulaya inaruhusiwa kufika tani 11 na nusu, hiyo inazidi ekseli ya tramu ya kawaida ya mjini, na lori linakanyaga kwa matairi juu ya bamba jembamba moja kwa moja, siyo juu ya reli inayotawanya uzito.

Mfano uko hapohapo mjini kwako. Van Brienenoordbrug, lile la barabara kuu mashariki ya mji, lina sehemu inayofunguka kupisha meli. Daraja la pili pale lilianza kazi 1990, mwaka 1997 wakakuta nyufa za uchovu kwenye bamba la chuma la hiyo sehemu, miaka saba tu, na nyufa zilikuwa chini ya njia ya magurudumu ya malori. Hakuna tramu pale. Na mwaka 2016 daraja la Merwede huko Gorinchem lilifungwa kwa malori kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyohiyo, magari madogo yakaendelea kupita. Kwa hiyo ukisikia tramu zinaua madaraja, uliza kwanza malori yanapita wapi.

Hiyo kazi ya kutafuta nyufa nimeifanya, na nataka uione kidogo kwa sababu inajibu swali lako la dalili. Unaingia ndani ya boksi la chuma kwa kitundu ambacho mabega yanapita kwa shida, ndani giza, harufu ya rangi na maji yaliyolala, unatambaa na tochi. Juu ya kichwa chako malori yanapita, du-dum, du-dum, kila ekseli unaihesabu. Unaangalia mshono mmoja baada ya mwingine, na unachotafuta ni uzi. Uzi mwekundu wa kutu, mwembamba kama unywele, umetokeza kwenye rangi pembeni ya mshono. Ukiuona unasafisha, unapuliza rangi nyekundu ya kupenya, unafuta, unapuliza ya unga mweupe, unasubiri dakika kadhaa, kama ni ufa ile nyekundu inarudi juu yenyewe inachora mstari juu ya weupe. Siku ya kwanza niliyoona mstari unajichora hivyo, sentimita nne hivi, nilikaa kimya. Juu watu walikuwa wanapita na baiskeli zao, daraja wala halikutikisika tofauti na jana yake.

Ndo maana nakwambia mtikisiko haukupi habari unayoitaka, uwe mkubwa au mdogo. Na Dresden ndo ushahidi wa pande zote mbili.

Daraja hilo la Dresden linaitwa Carolabrücke, lilijengwa kati ya 1967 na 1971, enzi za Ujerumani Mashariki. Ukiliangalia juu lilikuwa daraja moja, kumbe ni matatu yamelala sambamba, mawili ya magari na la tatu la tramu pamoja na waenda kwa miguu na baiskeli. Usiku wa kuamkia Jumatano ya Septemba 11, 2024, saa tisa usiku hivi, kipande cha karibu mita 100 cha hilo la tatu kiliingia mto Elbe. Tramu ya mwisho ilikuwa imepita dakika chache tu kabla. Namshukuru Mungu hakuumia mtu hata mmoja. Na jambo linaloumiza ni kwamba yale mawili ya magari yalikuwa yameshakarabatiwa, hili la tatu lilikuwa kwenye foleni, zamu yake ilikuwa 2025.

Watu wakaona reli zimening'inia wakasema tramu. Lakini wataalamu waliochunguza, akiwemo profesa Steffen Marx wa chuo kikuu cha ufundi cha hapo Dresden, walikuta ugonjwa tofauti. Daraja lile lilikuwa la zege lililokazwa kwa nyaya za chuma kigumu zilizopitishwa ndani yake na kuvutwa kwa nguvu sana, kama unavyokaza uzi wa shanga ndo shanga zisimame. Wakati wa ujenzi, kabla nyaya hazijafunikwa vizuri, unyevu uliingia. Chuma cha aina ile, kigumu mno na kimevutwa, kikipata unyevu na kutu inaachia haidrojeni, na haidrojeni ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma chenyewe, inakifanya kikatike kama kioo badala ya kunyumbuka. Vinyufa vidogo vikaanza tangu ujenzi. Halafu miaka hamsini ya mizigo kupita ikavikuza taratibu, waya mmoja unakatika, jirani yake anabeba mzigo wake, mwingine unakatika, huku zege kwa nje halijaonyesha kitu cha kutisha. Kwa hiyo uchovu wa magari na tramu ulichangia, siwezi kukuficha, lakini ulikuza jeraha ambalo daraja lilizaliwa nalo.

Na kuna jambo moja nataka umwambie yeyote anayekushikilia kwamba ni tramu. Baada ya kuanguka daraja lote lilifungwa, hakuna gari, hakuna tramu, hakuna baiskeli. Wakafunga vifaa vya kusikiliza kwenye yale mawili yaliyobaki, vinasikia waya ukikatika ndani ya zege, na mapema 2025 vikasikia nyaya zinakatika, mpaka usafiri wa majini chini yake ukasimamishwa. Hapakuwa na kitu juu yake. Nyaya zilikuwa zinakatika zenyewe.

Je ugonjwa huo unaweza kuwa Erasmusbrug? Pale unaposimama wewe, sakafu ni chuma cha kuchomelewa siyo zege la kukazwa kwa nyaya za aina ile za zamani, kwa hiyo kile kifo cha kimyakimya cha Dresden siyo njia ambayo kipande hicho kingefuata. Kina magonjwa yake, uchovu wa mishono ndo mkubwa, lakini huo una rehema moja, unaonekana kwa anayeutafuta, unakua polepole, na bamba la chuma likipasuka mahali jirani zake wengi wanaendelea kubeba wakati unarekebisha. Sijalikagua daraja hilo kwa mikono yangu na siwezi kukupa cheti, linakaguliwa na mji wenyewe kwa sababu ni mali ya mji. Ila ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia vuka.

Nyaya zinazolia nazo nikueleze, maana hapo una haki ya kuuliza, zina historia. Daraja likiwa na miezi miwili tu, Novemba 1996, ulikuja upepo pamoja na mvua, upepo wenyewe wala haukuwa tufani, nyaya zikaanza kurukaruka vibaya na sakafu ikacheza nazo. Waliokuwa wanaangalia hawakuelewa mara moja, maana upepo mkavu wa nguvu hiyohiyo haukufanya kitu. Kumbe ni mvua. Maji yanashuka kwenye waya ulioinama, yanajipanga mstari mwembamba juu ya mgongo wake kama mshipa, sasa waya siyo mviringo tena, una kibonge, na upepo umepata pa kushika. Unausukuma waya, ule mstari wa maji unahama kidogo, upepo unashika tena upande mwingine, na yakienda sawia na mwendo wa asili wa waya basi kila msukumo unaongeza juu ya uliopita, kama mtoto kwenye bembea unayemsukuma kwa wakati wake. Kwanza walifunga nyaya kwa kamba kuzituliza, baadaye wakaweka shokapu za kudumu karibu na pale nyaya zinapoingia sakafuni, kazi yake ni kunyonya huo mchezo kabla haujakua. Ukipita tena ziangalie. Kulia kwa waya kwenye upepo ni sauti tu. Ungeona waya unacheza kwa macho, unakwenda huku na huku, hapo ondoka darajani upige simu.

Na dalili nyingine mpita njia anazoweza kuziona ni chache ila zipo. Pale vipande vya daraja vinapokutana kuna maungio ya chuma yenye meno, meno hayo yakiwa leo yameachana kuliko ulivyozoea au upande mmoja umekaa chini kuliko mwingine, mpaka baiskeli inagonga ngazi ambayo jana haikuwepo, hiyo ni habari. Mstari wa reli ya kushikia pembeni ambao siku zote unaona umenyooka leo una kona. Mlio mkubwa kama risasi ambao haukufuatana na lori. Mambo hayo piga 112, usione aibu. Kitu kidogo, sahani imelegea inagonga, shimo kwenye njia ya baiskeli, piga namba ya mji, 14 010.

Sasa reli. Hapa ningependa usome polepole.

Reli ya mjini imezikwa kwenye lami na pembeni yake kuna mwanya ambao ukingo wa gurudumu la tramu unapita. Mwanya huo hauwezi kuzibwa kwa sababu bila huo tramu inatoka njiani, na mpira wa kujazia upo ila tramu nyingi zinaumaliza haraka. Upana wake ni sentimita tatu na nusu hadi nne na kidogo, na tairi nyingi za baiskeli za kawaida zina upana huohuo, yaani kama zilipimwa ziingie. Tairi likishaingia unaanguka kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Baiskeli haisimami kwa mwendo peke yake, inasimama kwa sababu wewe bila kujua unageuza usukani kidogo kulia kidogo kushoto kila mara, ukielemea kulia unageuza kulia na magurudumu yanarudi chini yako. Tairi likibanwa kwenye mwanya usukani haugeuki. Ukielemea nukta moja tu huna cha kurudishia, na chini ya sekunde uko chini, na unaanguka ubavu huku mkono umetanguliza kiganja. Ndo kifundo chako hicho.

Kilichokupata Alhamisi naweza kukikisia. Juu ya daraja lenyewe tramu ina njia yake katikati, hukutani nayo. Ukishuka upande wa mjini una kasi ya mteremko, njia inapinda, reli nazo zinapinda, na wewe ukazivuka kwa kuzifuata, pembe nyembamba, kama unavyohama upande barabarani. Mvua ikaongeza, chuma kilicholowa kinateleza kama sakafu yenye sabuni, hata kama tairi halikuingia lingeteleza pembeni.

Kwa hiyo ukiziona reli mbele, punguza mwendo mapema wakati bado uko kwenye lami, siyo juu ya chuma. Angalia nyuma, toa mkono wanaokufuata wajue, maana wenzetu wanaendesha karibu sana. Halafu jitanue kidogo upande wa pili ili uzikate kama msalaba, ikishindikana kabisa iwe karibu na hapo, ukivuka kwa pembe nyembamba ya ubavu ndo unajipeleka mwenyewe mwanyani. Ukiwa juu ya reli usifunge breki, usikanyage kwa nguvu, usukani unyooke, acha baiskeli ipite yenyewe. Na kama nafasi ya kujitanua haipo, au kuna gari nyuma, au mvua kubwa, shuka usukume hatua kumi. Nawaona watu wanaona aibu kushuka. Wazee wa Kiholanzi wanashuka, na wamepanda baiskeli tangu wana miaka mitatu. Kitu kingine kinachosaidia ni tairi nene, za sentimita tano hivi, haziingii kirahisi kwenye mwanya, ingawa kuteleza zinateleza vilevile. Muulize fundi wa baiskeli kama fremu yako inazikubali.

Upepo nao una ujanja wake pale. Ukipita nyuma ya ile nguzo kubwa upepo unakatika ghafla, hatua chache mbele unarudi wote kwa mkupuo, na ukiwa na mtoto nyuma umekuwa tanga kubwa zaidi. Siku upepo unakufanya uinamishe baiskeli ili uende moja kwa moja, hiyo siyo siku ya kumbeba.

Njia nyingine zipo na siyo mbaya. Willemsbrug, lile jekundu mashariki kidogo, lipo tangu 1981, lina nyaya pia na baiskeli zinapita, ila halina tramu, kwa hiyo hamna reli za kukutega juu yake. Kama nyumba na shule viko upande huo, ningelijaribu hata kama linaongeza dakika kumi. Maastunnel upande wa magharibi una handaki lake la baiskeli tangu 1942, unashuka kwa ngazi zinazotembea za mbao, hakuna upepo wala mvua huko chini, lakini kushika baiskeli yenye mtoto kwenye ngazi ile kwa mkono unaouma siwezi kukushauri. Na kuna metro chini ya mto, na tramu yenyewe. Siku za mvua na upepo mpandishe mtoto tramu, akae dirishani aangalie meli. Njia za baiskeli, reli na maungio ya mji wanazijua vizuri chama cha waendesha baiskeli, Fietsersbond, waambie pale ulipoangukia, sehemu inayoangusha wewe imeshaangusha wengine na wao wanaweza kuisukuma manispaa.

Erasmusbrug nalo lina sehemu ya kufunguka, likifunguliwa kupisha meli, kengele na taa nyekundu zikianza, simama hata kama wenzako watatu wamepenya. Sehemu hiyo ya pale kusini ina urefu wa mita 89, na ikianza kunyanyuka hakuna mtu wa kukurudisha.

Kuhusu mtoto, usimpandishe mpaka mkono uwe umeangaliwa na daktari amekuambia unaweza kufunga breki kwa nguvu zote bila maumivu. Hilo halina mjadala, maana mtoto wa miaka minne anakaribia kilo 16, amekaa juu nyuma yako, baiskeli ikianza kulala ni mikono yako tu inayoirudisha. Ukiruhusiwa, Jumapili asubuhi mapema kabla mji haujaamka chukua mfuko wa mchele wa kilo 15, ufunge kwenye kiti chake kwa mikanda yake, nenda mpaka pale ulipoangukia ukavuke reli hizo mara kumi, kwenda na kurudi, kwanza ukisukuma, halafu umepanda. Utasikia jinsi nyuma inavyochelewa kugeuka na jinsi unavyohitaji nafasi kubwa zaidi kujitanua. Kama mara ya kumi bado moyo unadunda ukikaribia reli, chagua Willemsbrug au tramu kwa miezi hii ya mwanzo, mtoto hatajua tofauti. Na huisarts ni kesho, siyo Jumatatu ijayo.